Balehe Tunaisingizia

Ndugu walimu, ndugu wazazi, asanteni. Walionisikia zamani wanivumilie. Hoja ni ileile: hamu ya kusoma ya kijana haiuawi na balehe, tunaiua sisi kwa maksi na zawadi za kuahidi. Nitairudia mpaka mnichoke.

Sihitaji kuwaeleza kwamba mtoto wa darasa la kwanza huamka kabla ya mama yake ili awahi shule, na kwamba yuleyule akifika miaka 14 huvutwa shuka. Mnao nyumbani. Mimi nauliza, nani alaumiwe? Jibu la haraka huwa ni balehe. Balehe! Mbona balehe hiyohiyo haimzuii kukesha na gitaa bila mwalimu, au kukariri mabao ya kila mchezaji? Hamu anayo tele, ila ameipeleka kwingine.

Sasa kisa changu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili, huko Marekani, walichagua watoto wa chekechea wanaopenda kuchora. Wanaopenda, jamani, si wavivu! Kundi moja likaambiwa: mkichora mtapata cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe. La pili likachora bila ahadi, kisha likashtukizwa na cheti kilekile. La tatu halikupata kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu za rangi zikawekwa darasani, atakaye achore. Walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Na zile picha za kuchorea cheti zilikuwa hafifu, zimelipuliwa.

Msiniambie nachukia zawadi. Kundi la pili nalo lilizawadiwa, na halikupungukiwa hamu. Kilichoharibu ni ile ahadi ya mapema: kuchora kumegeuka kibarua, na ujira ukikoma, kibarua anatua jembe. Haya, hesabuni wenyewe: mtoto huyu tunamwambia "soma upate maksi", "soma upite mtihani", "soma upate kazi" mwaka baada ya mwaka, halafu tunashangaa kwamba siku isiyo na mtihani hafungui kitabu!

Namwona mwalimu pale nyuma anatikisa kichwa. Bila maksi, atajuaje nani kaelewa? Pima, mwalimu, nani kakukataza? Ila tazama unachomrudishia mtoto. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler aliwapa wanafunzi wengine maoni tu, wengine maksi tu, wengine vyote viwili. Wa maoni tu walibaki na hamu. Waliopata vyote viwili walipoa kama wale wa maksi tu, hasa wenye maksi za chini. Sababu mnaijua: mtoto anatazama namba, anachungulia ya jirani, anafunga daftari. Wino wako mwekundu wote umekwenda bure.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi nikimbie. Watafiti Jacquelynne Eccles na Carol Midgley walishaonyesha kwamba kijana anapoanza kutaka kujiamulia mambo, ndipo shule inapombana zaidi, inamlinganisha zaidi, na kumkabidhi kwa walimu wengi wasiomjua. Kuhusu usingizi, saa ya mwili wa kijana huchelewa, akalala na kuamka baadaye zaidi, na tangu 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Hilo lingetaka mhadhara wake.

Nilikuwa na neno pia kwa wazazi wanaoahidi baiskeli kwa anayeshika nafasi ya kwanza. Nimeliacha, mnajijua.