Utumbo Unapoingia Ndani ya Utumbo kwa Mtu Mzima

Ndugu zangu, likitajwa tatizo hili wengi wenu mnamwona mtoto mchanga anayelia huku amekunja miguu, choo chake kina damu na makamasi. Msimtumie huyo kumpimia mtu mzima. Watu wazima ni kama asilimia 5 tu ya wagonjwa wote, na mara chache wanakuja na dalili hizo. Anakuja mtu anayesema tumbo linamsokota, linaachia, linarudi, wiki kadhaa sasa. Dawa za vidonda vya tumbo ameshakunywa. Ukimpapasa maumivu yakiwa yametulia, pengine hupati kitu.

Kwa mtoto mara nyingi hatuoni chanzo. Kwa mtu mzima, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wana chanzo: polipu (kinyama kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo), uvimbe wa mafuta, kovu la upasuaji wa zamani, au saratani. Utumbo unapojongea hukikamata kitu kile na kukisukuma mbele kama tonge, nacho kinaburuta ukuta uliokibeba pamoja na mishipa yake. Vena, mishipa inayorudisha damu, hubanwa kwanza, utumbo unavimba. Baadaye damu safi nayo haifiki, na utumbo unaanza kufa.

Kipimo cha kutegemea ni CT skani. Tafuta duara ndani ya duara, na humo weusi wa mafuta yenye vijishipa vilivyoburutwa. Ultrasaundi inasaidia, ila gesi ikijaa inakunyima picha.

Lakini CT hiyohiyo hutuonyesha vipande vifupi vilivyoingiana, chini ya sentimita 3.5, kwenye utumbo mwembamba, bila uvimbe wala kuziba, kwa mtu aliyepimwa kwa sababu nyingine. Huyo usimkimbize chumba cha upasuaji. Vingi hujiachia vyenyewe.

Utumbo mpana ni habari nyingine. Huko chanzo mara nyingi ni saratani, kwa hiyo mambo ya kuurudisha kwa kupuliza hewa kupitia njia ya haja kubwa waachieni watoto. Kata sehemu yote ilivyo, pamoja na tezi zake za limfu. Ukiuvuta ulioingia utoke, unaweza kuutoboa na kumwaga chembe za saratani tumboni.

Mwembamba, ukiwa bado na rangi nzuri na huna shaka ya saratani, unaweza kuuvuta taratibu kwanza ili ukate kidogo. Hasa kwa mwenye polipu za kurithi: huyo huenda akapasuliwa tena, na kila sentimita unayomwachia ataihitaji.