Tony Dungy hakusubiri, alisubirishwa

Hili nimelisema sana, wengine mmeshalichoka, na leo nalirudia. Kila akitajwa Tony Dungy, yule kocha wa zamani wa mpira wa Kimarekani, lazima mtu asimame atusomee "subira yavuta heri". Jamani! Subira ni ya aliyeamua kungoja. Huyu alisubirishwa.

Tuanzie 1977. Kijana anatoka Chuo Kikuu cha Minnesota, ni kwotabeki, yule anayeshika usukani wa timu nzima. Timu za ligi zinachagua vijana, raundi 12 zinapita, jina lake halisikiki. Pittsburgh Steelers wanamsajili hivyohivyo, wanamwambia: wewe kaa nyuma, ulinde.

Mtasema hakuwa na kiwango. Haya. Oktoba mwaka huohuo wako Houston. Terry Bradshaw, kwotabeki wao tegemeo, anaumia. Wa akiba wake naye anaumia. Anaitwa nani? Yuleyule mlinzi, ambaye mapema siku hiyo ameshanasa pasi ya wapinzani. Anakwenda kusimama mbele bila maandalizi, anarusha, na Houston nao wananasa zake! (Kicheko.) Chekeni tu. Kweli, walifungwa. Lakini swali langu liko palepale: kama mkono ule haukufaa, mbona waliukumbuka nyumba ilipoungua?

Akarudi nyuma kulinda. Msimu wa 1978 alinasa pasi 6, hakuna mwenzake kikosini aliyemfikia, na ubingwa wakauchukua.

Sasa ukocha. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 28, Steelers wamemkabidhi ulinzi wote. Ukocha mkuu kaupata lini? 1996, Tampa Bay. Piga hesabu mwenyewe, halafu uniletee methali yako.

Tampa akaijenga, wakamfukuza Januari 2002, na msimu uliofuata kocha aliyemrithi, Jon Gruden, akabeba kombe na kikosi kilekile, karibu chote. Hapo nina maneno mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa.

Akaenda kufundisha Indianapolis Colts, basi, kwa haraka. Februari 4, 2007, Colts 29, Chicago Bears 17: kocha mkuu mweusi wa kwanza kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi. Na kocha wa Bears alikuwa nani? Lovie Smith, ambaye Dungy mwenyewe alimwajiri kule Tampa mwaka 1996. Tena siku ya nusu fainali Bears walicheza mapema, kwa hiyo mweusi wa kwanza kuifikisha timu fainali ni Smith. Dungy alifuata saa chache baadaye, baada ya kuwa nyuma 21 kwa 3 dhidi ya Patriots.