Tazama Shina Kabla ya Kupitisha Panga

Wazee wangu, ndugu zangu, nanyi vijana mliosimama pale mlangoni, asanteni kwa kuja.

Juisi ya mabungo hapa Zanzibar haihitaji kutambulishwa. Lakini walioliona ua la mbungo ni wachache, kwa sababu huchanua juu, kwenye vilele vya miti uliyoiparamia. Mbungo, ambao wataalamu huuita Saba comorensis, ni mmea wa asili wa Afrika, na ukipata mti mrefu hupanda hata mita 20. Mara nyingi utasikia harufu kabla hujaona kitu: tamu, nzito, kama asumini ya jioni.

Likianguka ua, liokoteni. Lina petali tano nyeupe, koo la manjano, na chini yake kijirija chembamba. Kijirija cha namna hiyo kinawafaa wadudu wenye ulimi mrefu, vipepeo na nondo.

Kisha linakuja tunda, na hapo ndipo wanyama wanapoufaidi mbungo hasa. Kule Kigoma, katika misitu ya Gombe, ambako Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianza kazi mwaka 1960, na ya Mahale, mabungo ni miongoni mwa vyakula wanavyovipenda sana sokwe. Lipasueni bungo bivu mtaelewa: kila mbegu imevikwa nyama ya rangi ya machungwa iliyong'ang'ania, haibanduki. Sokwe hahangaiki kuimenya, anameza vyote. Mbegu inasafiri tumboni mwake na kuangushwa mbali na mmea mama, ikiwa na mbolea yake.

Sasa, kinachoniuma. Tunasafisha shamba, tunakuta kamba nene imeuzonga mti, panga linapita. Utomvu mweupe unachuruzika, na baada ya siku chache majani yote ya juu yamekauka. Kama umeuelemea mkarafuu wako, sina ugomvi nawe. Ila ule ulioko mpakani, kwenye kichaka kisicholimwa, unakudhuru nini? Wengine huukata ili wayapate mabungo ya msimu mmoja tu. Hilo siwezi kulitetea hata kidogo.

Mwenye mti imara uani na aoteshe wake. Mbegu ni zile zinazobaki kwenye chujio. Zioshwe, zipandwe zingali mbichi, zisianikwe juani.

Karibuni kwa maswali.