Mbwa Hununuliwa Jumapili
Mhadhara kwa wakazi, ukumbi wa mtaa, Lang'ata, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wetu, majirani, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, hamjambo? Asanteni kwa kuacha nguo na soko la Jumamosi mkaja kunisikiliza. Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya teria, hawa mbwa wadogo wasiotulia, kwa sababu nyumba kadhaa hapa mtaani zimewaleta na nyingine bado zinajiuliza. Nimefuga teria kwa miaka ishirini na miwili na ninawapenda sana. Kwa hiyo muda wangu mwingi leo nitautumia kuwaeleza ni nani asimchukue.

Tuanze na jina. Limetokana na neno la Kilatini terra, yaani ardhi. Huyu ni mbwa wa ardhini. Kule Uingereza mbwa wakubwa wa kuwinda walimfukuza mbweha mpaka akazama shimoni, na hapo kazi yao ikaisha. Aliyetumwa chini ni teria. Aliingia gizani peke yake, akamkabili mnyama mwenye meno, akabweka bila kukoma ili walio juu wajue yuko wapi, na akikwama alifukua. Kule chini hakuna bwana wa kumwambia simama au rudi. Kila jambo aliliamua mwenyewe. Basi ukiona teria wako amekutazama usoni, amekusikia vizuri kabisa, kisha akaendelea na lake, usiseme ni mjinga. Babu zake walichaguliwa kwa tabia hiyohiyo.

Mnayemwona sana hapa mtaani, mweupe mwenye mabaka ya kahawia au meusi, ni Jack Russell. Jina ni la kasisi wa Devon, Uingereza, John Russell, aliyezaliwa 1795 na kufariki 1883. Inasimuliwa kwamba mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alimwona jike mmoja mweupe kwa muuza maziwa, akamnunua palepale. Jike huyo aliitwa Trump. Rangi nyeupe ilipendwa ili mbwa akichomoka shimoni asidhaniwe mbweha. Begani ana urefu wa sentimita 25 hadi 30, na uzito wake ni kama kilo 5 au 6. Mtu mzima anaweza kukizunguka kifua chake kwa viganja viwili, nacho kiliachwa chembamba makusudi ili apite pale anapopita mbweha. Ukirudi nyumbani leo, piga magoti uangalie uwazi ulio chini ya geti. Kagua pia ua wako wa kayaba, pale chini ambapo majani yamekwisha na yamebaki mashina. Kichwa kikipita, mwili unafuata.

Watu huniambia, "Akikua atatulia." Atatulia kidogo, ndiyo, akifika miaka miwili au mitatu. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mgeni huyu anakuja na jembe lake. Usipomwonyesha pa kulima atapachagua mwenyewe: kwenye sukuma wiki, kwenye godoro la mtoto, au chini ya ukuta unaopakana na jirani.

Sasa niseme lililonileta. Mbwa hununuliwa Jumapili. Familia nzima ipo, watoto wamechangamka, baba hana haraka, na mtoto wa mbwa amelala mapajani mwa mama kama mkate wa moto. Uamuzi unafanywa na watu walio nyumbani Jumapili. Lakini mbwa ataishi Jumatatu hadi Ijumaa, na hapa Nairobi watu wa Jumapili na watu wa Jumanne si walewale. Nawaomba mjiulize swali moja tu: Jumanne, saa nne asubuhi, nani yuko na huyu mbwa?

Nilijifunza swali hilo vibaya. Teria wangu wa kwanza nilimnunua baada ya ibada. Muuzaji aliniambia ni mbwa mdogo, hana shida, hata kwenye fleti anakaa. Udogo niliuona kwa macho, na mengine nikayaamini kwa sababu nilitaka kuyaamini. Siku hizo niliondoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro ili niwahi kabla barabara haijajaa, na nilirudi saa moja usiku. Watoto walichukuliwa na basi la shule alfajiri. Aliyebaki na mbwa ni dada aliyetusaidia kazi za nyumbani, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Kwao mashambani mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku alinde mbuzi. Mbwa wa kurukia shuka zilizoanikwa na kuziburura matopeni, dada yule hakuwahi kumwona. Alifua mara mbili. Alifukia mashimo. Alienda kuomba msamaha kwa jirani wa nyuma, siku mbwa alipopita chini ya ua na kuua kuku wawili waliokuwa wakitaga. Niliwalipa wale kuku jioni nikaona yamekwisha.

Mwezi wa saba akafunga mizigo. Tulikuwa naye miaka minne. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mama, watoto wako nawapenda. Huyu mbwa ndiye amenishinda." Nami nikamlaumu mbwa. Nikampeleka kwa ndugu yangu mwenye shamba Kitengela, nikijiambia kule kuna nafasi. Nafasi ilikuwepo, na nyoka walikuwepo pia. Teria haoni kitu kikitambaa nyasini akakiacha. Aligombana na swila, na alipofikishwa kwa daktari alikuwa ameshakata roho. Ni miaka mingi sasa, na jambo hilo bado linaniuma. Dada aliondoka na mbwa akafa kwa sababu ya uamuzi wangu wa dakika ishirini, na mimi ndiye niliyekuwa mbali nao wote wawili.

Kwa hiyo dada aulizwe. Soja aulizwe. Bibi anayekaa nanyi kwa sababu ya miguu aulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote, maana teria hupita kati ya miguu ya watu kama mpira. Na muulizeni mtu akiwa huru kukataa, si mbele ya watoto waliokwisha kumpa mbwa jina. Kama dada ndiye atakayemtembeza, hiyo ni kazi, na kazi ina malipo. Kama anaogopa mbwa, jibu mmeshalipata.

Tuna pia majirani Waislamu, wengine wako hapa ndani. Wengi wao hapa kwetu wanafuata madhehebu ya Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi: palipolambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayemrukia kila mpita njia kwa furaha anamharibia jirani kanzu akiwa njiani kwenda kuswali. Kama huwezi kumzuia mbwa wako langoni, hujawa tayari kuwa naye katika mtaa huu. Na dada wa nyumbani akiwa Mwislamu, jambo hili lizungumzwe kwanza kabisa.

Kuhusu kelele. Wapo wanaotaka teria awe mlinzi. Atakutangazia mwizi, hilo ni kweli. Atakutangazia pia bodaboda, mwenye mtungi wa gesi, paka, kima juu ya paa na lango la jirani. Sauti ile iliumbwa isikike kutoka chini ya ardhi, na ukuta wa fleti hauizuii. Nyinyi mnaopanga, soma mkataba wako, kisha ongea na keateka na majirani wa juu na wa chini. Nimewahi kuletewa mbwa wawili kutoka fleti za Kileleshwa, wote wazima, wote wazuri, kosa lao ni kubweka kutwa ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu bado hajui kuvuta mkia ni vibaya, na teria si mvumilivu wa kuvutwa. Ningesubiri mtoto afike darasani. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, bila kuruka. Ugonjwa huu ulithibitishwa nchini mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa jiji hili hili, na bado tunao. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Na kupe mnawajua. Homa wanayoleta huanza kimyakimya: mbwa hali, ufizi umepauka, pengine damu puani. Teria aliyelala siku nzima katika nyumba ya kelele ni mgonjwa mpaka daktari aseme vinginevyo.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni kama kumhasi kutamtuliza. Dume atapunguza kuzurura akitafuta majike, na hilo pekee linatosha kumhasi. Hamu ya kufukua na kukimbiza haitoki huko, itabaki palepale.

Sasa anahitaji nini? Saa moja kwa siku ya kutembea na kukimbia, nikisema kidogo, na si yote kwa mkupuo. Lakini miguu peke yake haimchoshi. Nimewahi kumkimbiza mmoja mpaka mimi nikashindwa kuongea, naye akarudi akiwa na nguvu mpya, kama mwanariadha aliyefanyishwa mazoezi. Kinachomchosha ni pua. Chukua chakula chake cha asubuhi, usikimwage kwenye bakuli. Kitawanye nyasini, kifiche ndani ya gunia kuukuu lililokunjwa, kifukie kwenye kona moja ya bustani uliyompa iwe yake. Dakika 20 za kunusa na kutafuta, halafu mtazame anavyojinyoosha kivulini. Kona hiyo ya kufukua iliokoa sukuma wiki zangu. Ukimpeleka msitu wa Karura, hakikisha kamba haitoki mkononi: ndiyo sheria ya pale, na kuna paa wadogo vichakani ambao akiwaona hatasikia jina lake hata uliite vipi. Nimewafundisha teria wangu kuitwa na kuja, kwa subira na vipande vya maini, na wanakuja. Mnyama akikimbia mbele yao, hawaji. Nimelikubali hilo.

Kabla ya kulipa, jaribuni hivi. Kwa wiki mbili za kawaida, si za likizo, amkeni saa kumi na moja u nusu mtembee nusu saa na kamba tupu mkononi, mvua inyeshe isinyeshe, na jioni tena nusu saa baada ya foleni. Aandikwe jina aliyekwenda kila siku. Kama siku ya nne hakuna jina, mmejijua. Kama mna rafiki mwenye teria, mwombeni awaachie kwa wiki moja. Na Desemba mkienda ushago, nani atabaki naye? Mbwa huyu huishi miaka 13 mpaka 16. Mtoto wa gredi ya tatu anayemlilia leo atakuwa amemaliza chuo, pengine ameoa, na mbwa bado yuko kwako.

Kama hesabu imekataa, msihuzunike. Nendeni pale KSPCA, shirika la kutunza wanyama lililoko Karen, mwombe kuonyeshwa mbwa mzima. Wengi ni mbwa wetu wa kawaida, na uzuri wa mbwa mzima ni kwamba tabia yake imeshaonekana: walio pale wanaweza kukuambia nani anapenda kulala na nani anaruka ukuta. Nawashauri watu wengi hivyo kuliko ninavyowashauri kuchukua teria.

Teria niliye naye sasa anaitwa Kiberiti, ana miaka tisa. Kabla hajaja nilikaa mezani na dada aliye nasi sasa, chai ikiwa imeandaliwa, nikamweleza yote, mpaka habari za yule aliyeondoka. Alifikiri siku tatu. Kisha akanipa masharti: hatafua blanketi la mbwa, hatamwogesha, nguo zianikwe juu kwenye roshani, na ile nusu saa ya kumtembeza saa nne asubuhi ilipwe mbali na mshahara. Nikakubali yote, na tukaandika. Mimi hutembea naye alfajiri, kijana wangu jioni. Leo nilipokuwa natoka kuja hapa, dada alikuwa uani akificha mahindi ya kuchemsha ndani ya gunia, na Kiberiti amekaa mbele yake, masikio juu, akitetemeka kwa kungoja kuruhusiwa.

Nimemaliza. Mwenye swali asimame tumsikie.