Risasi haichemki ikaisha

Ndugu wasikilizaji, leo tunaongea juu ya risasi kwenye maji ya bomba; si ya bunduki, ni ile metali yenye sumu, kwa Kiingereza lead. Twende kwanza Flint, jimbo la Michigan, Marekani, mji wa watu wapatao laki moja. Aprili 2014, kwa kubana matumizi, mji uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint. Yakatoka bombani ya rangi ya kutu, yananuka. Watu wakalalamika, wakaambiwa ni salama. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kikayakataa kwa sababu yalikuwa yanakula vyuma. Injini zikaokolewa, watoto wakaendelea kuyanywa mwaka mzima.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Risasi haikutoka mtoni, ilikuwa kwenye mabomba ya zamani. Maji ya Detroit yalikuwa na fosfeti, kemikali ambayo hujenga utando ndani ya bomba, risasi isiingie majini. Ya mto hayakutiwa fosfeti, tena yalikuwa na kloridi nyingi, ile ya kwenye chumvi, ambayo hula mabomba. Utando ukabanduka, risasi ikaingia kwenye maji. Ndiyo maana mtu akikuambia maji yamepimwa mtamboni, muulize ya jikoni kwako yamepimwa na nani. Sampuli ya maana ni ile ya alfajiri, maji yaliyolala bombani usiku kucha.

Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba risasi imeongezeka katika damu ya watoto wa Flint. Wakubwa wakambeza kwanza. Oktoba mji ukarudi kwenye maji ya Detroit.

Mwilini, risasi hujipenyeza mahali pa kalsiamu. Mtu mzima hupandisha presha na kuharibika figo. Mtoto mdogo huifyonza mara 4 hadi 5 zaidi yetu, nayo huvuruga ubongo unaojengeka: darasani anashindwa kutulia, masomo hayashiki, na mzazi anadhani ni utundu. Hujificha mifupani miaka na miaka. Mama akipata mimba, inaweza kutoka humo ikamfikia mtoto tumboni. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Naona mama pale anataka kuuliza, si tuchemshe? Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, na msiache. Lakini maji yakipungua sufuriani, risasi inabaki ileile, kwa hiyo inazidi kukolea. Na kwa uji wa mtoto, msikinge maji ya moto ya bomba, maana hayo huyeyusha risasi zaidi. Kingeni ya baridi, baada ya kuyaacha yatiririke kwanza.