Kukagua Kiraka cha Mashine Pepe: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Kompyuta, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wetu, nanyi wanafunzi mlioitoa Jumamosi yenu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie ukaguzi wa msimbo katika miradi ya programu huria, na kwa kuwa uwanja huo ni mpana, nitabaki ndani ya mradi mmoja, QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, ambayo Mfaransa Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2003. Programu hiyo hufanya kazi bega kwa bega na KVM, sehemu inayoziendesha mashine pepe moja kwa moja kwenye prosesa halisi, iliyoingia katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, toleo la 2.6.20 mwezi Februari 2007, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa pamoja huiwezesha kompyuta moja kubeba mashine pepe nyingi, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu, kila moja ikijiona iko peke yake.

Hoja yangu ni moja. Anayekagua kiraka cha programu ya namna hii, yaani badiliko la msimbo linalopendekezwa, asianze kwa kujiuliza kama kinafanya kazi, kwa sababu mchangiaji mwenyewe amekwisha kukijaribu. Ajiulize mashine iliyo ndani, ile tunayoiita mgeni, itaweza kukifanyia nini ikiwa imeshikwa na mtu mwenye nia mbaya. Tuseme seva moja hapa mjini inabeba mashine pepe ya ushirika wa wakulima wa zabibu na nyingine ya kituo cha afya. Nywila ya ushirika ikiibwa, hasara inapaswa kuishia kwa ushirika. Sehemu ya ukuta unaowalinda wagonjwa wa kile kituo ni msimbo wa lugha ya C unaoiga kadi za mtandao, diski na vifaa vingine, na kila namba ambayo msimbo huo unaipokea kutoka kwa mgeni inaweza kuwa imechaguliwa na mwizi.

Mfano ulio wazi ni kasoro iliyotangazwa Mei 2015 kwa jina la VENOM. Ilikuwa katika msimbo unaoiga kidhibiti cha diski za flopi, kifaa ambacho wengi wenu hamjapata hata kukiona. Kidhibiti kile kina bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea data kwa muda, ya baiti 512, na kila baiti anayoiandika mgeni husogeza mbele namba ya nafasi. Amri inapokwisha, namba hiyo hurudishwa sifuri. Lakini katika amri chache kulikuwa na njia ya kuikwepa hatua hiyo, na mgeni aliyeendelea kusukuma baiti aliweza kuandika nje ya bafa, ndani ya kumbukumbu ya QEMU yenyewe. Msimbo huo ulikuwapo tangu mwaka 2004. Miaka kumi na moja! Tiba yake ni fupi mno: kabla ya kuitumia namba ya nafasi, igawanye kwa 512 na uchukue baki, nayo haitavuka tena mpaka. Kwa maoni yangu, kilichoificha kasoro hiyo ni kwamba dreva ya kawaida ya flopi haina sababu ya kutuma baiti za ziada, kwa hiyo aliyejaribu kwa uaminifu aliona kila kitu kiko sawa. Xen, programu nyingine ya mashine pepe iliyoazima msimbo uleule, iliathirika pia.

Sasa tazameni kiraka nilichokitunga kwa ajili ya leo. Kinaongeza kadi ya mtandao. Mstari wa 41 unasoma urefu wa pakiti kutoka kwenye kumbukumbu ya mgeni na kuukataa ukizidi 2048. Mstari wa 44 unanakili pakiti kwenda kwenye bafa ya baiti 2048, ukiusoma urefu huo upya palepale uliposomwa mwanzo. Ukipita haraka utamsifu mchangiaji kwa uangalifu. Lakini mgeni anaweza kuwa na prosesa zaidi ya moja, na moja ikiwa inatuma pakiti, nyingine inaweza kubadili 1500 kuwa 60000 katikati ya mistari hiyo miwili. Ni sawa na kupima gunia pale sokoni Kibaigwa, kisha likapakiwa gunia jingine. Maoni ya mkaguzi yaandikwe hivi: «Urefu unasomwa mara mbili kutoka kwa mgeni, mstari wa 41 na wa 44. Naomba uunakili kwanza kwenye kigeu cha ndani ambacho mgeni hawezi kukigusa, kisha ukague na kutumia kigeu hicho tu.» Na mchangiaji akijibu kwa kuweka «assert», agizo la kuisimamisha programu sharti lisipotimia, mahali pale, asikubaliwe, maana atakuwa amempa mgeni njia ya kuiangusha QEMU kila apendapo.

Jambo jingine lisiloonekana katika majaribio ya mchangiaji ni uhamisho. Mashine pepe huweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine bila kuzimwa, hali ya kila kifaa ikisafirishwa kwa mpangilio maalumu, na mtu akiongeza kipengele kipya katika hali hiyo, toleo la zamani lililo upande wa pili halitakielewa. Ndiyo maana QEMU ina aina za mashine zenye namba ya toleo, kama ilivyokuwa pc-i440fx-2.9 ya mwaka 2017, na ina vijisehemu vya hali hiyo vinavyotumwa pale tu vinapohitajika. Mkaguzi asipouliza habari hiyo, atakayeigundua ni msimamizi wa seva, usiku.

Mpangilio wa mistari mwachieni skripti ya checkpatch.pl. Kiraka kibebe badiliko moja, ili kasoro ikitafutwa baadaye ipatikane. Mstari wa «Signed-off-by» ni tamko la mchangiaji kwamba ana haki ya kuutoa msimbo ule. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka 2025 mradi uliweka sera ya kukataa michango iliyotungwa na akili mnemba.

Najua wapo humu wanaoona aibu kumkosoa mhandisi aliyeutumikia mradi tangu wao wakiwa shule ya msingi. Ukaguzi hauombi cheo. Uliza swali lenye namba ya mstari, kwa adabu, na kama umesoma faili moja tu, sema umesoma hilo tu. «Reviewed-by» yenye jina lako, yaani uthibitisho kwamba umekikagua kiraka, isifunike ambacho hukukisoma. Karatasi za kiraka zinapitishwa sasa. Mstari wa 52 una kasoro ambayo sikuitaja, nami ningependa kuisikia kutoka kwenu kabla hatujaingia kwenye maswali.