Utafiti wa kanola na deni letu kwa mawese na mise
Mhadhara kwa wakulima na wakamuaji wa michikichi, Kigoma

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa Ujiji na Mwandiga, ndugu wakulima na wakamuaji, wafugaji, walimu na wanafunzi wa kilimo, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mchana huu. Nimeombwa nizungumzie kanola, zao ambalo wengi wetu tumeliona tu kwenye lebo ya chupa ya mafuta dukani. Sikuja kumshawishi mtu alipande, kwa sababu kanola hupenda ubaridi, na joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika haliifai. Nimekuja kueleza namna watafiti walivyolishika zao lenye kasoro mbili kubwa wakalifanya chakula cha watu, lishe ya mifugo na malighafi ya viwanda, kwa kuwa naamini kazi ya namna hiyo bado tunadaiwa kwenye mawese na mise, yaani kiini cha ndani ya kokwa ya chikichi.

Kanola imetokana na rapa, ambayo ni jamaa ya kabichi na haradali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kanada ililima rapa kwa ajili ya kulainisha mitambo ya meli za mvuke, kwani mafuta yake hung'ang'ania chuma hata pale maji ya moto na mvuke vinapoosha mafuta mengine. Wazee wanaoikumbuka meli ya Liemba ilipokuwa ikiendeshwa kwa mvuke, kabla haijawekewa injini za dizeli, wanaelewa ninasema mazingira gani. Vita vilipokwisha na meli zikahamia dizeli, soko hilo likanywea, na wakulima wakalazimika kutafuta mlaji mwingine wa mbegu zao.

Hapo ndipo kasoro zilipojitokeza. Ya kwanza ilikuwa ndani ya mafuta yenyewe, ambayo yaliweza kuwa na asilimia 40 au zaidi ya asidi ya erusiki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta. Panya waliolishwa mafuta hayo kwa wingi walionekana kujaa mafuta kwenye misuli ya moyo, na ingawa madhara kama hayo hayakuthibitishwa kwa binadamu, watafiti waliona si busara kusubiri. Kasoro ya pili ilikuwa kwenye mashudu, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Mashudu ya rapa yalikuwa na glukosinolati, kemikali zinazoupa mmea ukali wa haradali, ambazo zikivunjika hutoa vitu vinavyoisumbua tezi ya shingo, mnyama akapata goita, akapunguza kula na kudumaa. Mkamuaji alikuwa na magunia ya mashudu yenye protini nyingi asiyoweza kuyauza kwa bei ya maana.

Keith Downey kule Saskatoon na Baldur Stefansson wa Chuo Kikuu cha Manitoba walianza kutafuta mimea isiyo na kasoro hizo, na naomba niwaeleze kwa utaratibu jinsi walivyopima. Mbegu ya rapa ina upana wa milimita moja hadi mbili tu. Waliilowesha ikaanza kuchipua, wakaitenganisha kwa uangalifu, wakachukua kipande kimoja cha kotiledoni, yaani jani la mbegu, na kupima asidi za mafuta yake kwa mashine ya kromatografia ya gesi, na sehemu iliyobaki, yenye kiini cha mche, wakaipanda. Kipimo kikionesha asidi ya erusiki kidogo, mche ulitunzwa. Kikionesha nyingi, uling'olewa. Kwa njia hiyo mtafiti alijua tabia ya mafuta ya mmea kabla haujatoa hata jani, na msimu mzima ukaokolewa. Chanzo cha erusiki ndogo kilipatikana kwenye aina ya Ujerumani iitwayo Liho, na cha glukosinolati ndogo kwenye aina ya Poland iitwayo Bronowski. Mwaka 1974 ikatolewa Tower, aina ya kwanza kuwa na sifa zote mbili. Leo ili mbegu iitwe kanola ni lazima mafuta yake yawe na erusiki chini ya asilimia 2, na mashudu yaliyoondolewa mafuta yawe na glukosinolati chini ya maikromoli 30 kwa gramu.

Matokeo yake ni haya. Mbegu hutoa mafuta kiasi cha asilimia 44, yenye asidi mgando, zile zinazofanya mafuta yagande, karibu asilimia 7 tu, wakati mawese yetu yanakaribia nusu. Mashudu yana protini asilimia 36 hadi 38, na ng'ombe wa maziwa huyapokea vizuri sana, ingawa kuku na nguruwe hupewa kwa kipimo kwa sababu ya nyuzinyuzi. Viwandani mafuta hayo hutengeneza dizeli ya mimea na vilainishi vinavyooza ardhini bila kuchafua. Hata rapa yenye erusiki nyingi haikutupwa, bali hulimwa kando, kwa kuwa kutokana na asidi hiyo hupatikana kitu kinachozuia mifuko ya plastiki isigandamane.

Sasa naomba tutazame moto, maana hapa kanola na chikichi vinakutana. Ndani ya mbegu ya kanola kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi, ambacho hubaki kimya hadi mbegu ipondwe, kisha huanza kuzivunja glukosinolati. Kwa hiyo kiwanda hupasha mbegu joto kabla ya kukamua ili kukizima, lakini moto ukizidi huharibu lisini, sehemu muhimu ya protini, na mashudu hupoteza thamani. Tunda la chikichi nalo lina kimeng'enya cha lipasi, ambacho huamka tunda linapochubuka na kuyavunja mafuta yakawa asidi huru. Tunapouacha mkungu siku kadhaa ili matunda yachomoke kwa urahisi, tunakipa lipasi nafasi yote, na mawese yanayotoka huharibika upesi na kufaa sabuni kuliko sufuria. Jitihada za kusambaza miche ya Tenera, aina bora ya mchikichi, kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga naziunga mkono kwa moyo wote, lakini mche bora hauwezi kuokoa mafuta ya tunda lililochelewa kuchemshwa.

Na mashudu ya mise je? Protini yake ni kama nusu ya ile ya kanola, nyuzinyuzi ni nyingi, na mara kwa mara huchanganyika na vipande vya vifuu vinavyomuumiza mnyama. Bado ng'ombe anaweza kuyatumia, mradi tujue gunia lililo mbele yetu lina nini. Kwa hiyo ninapendekeza tuanze na hatua ndogo: kila mkamuaji aliyeko hapa aandike tarehe ya kukata mkungu na tarehe ya kuchemsha, atenge chupa moja ya mawese na kilo moja ya mashudu kutoka kila awamu, na walimu wetu wasaidie kupima asidi huru, kazi inayohitaji spiriti, soda kali iliyopimwa na kiashirio cha rangi tu. Ninaomba maswali yaanzie kwa akina mama wanaochemsha, kwa kuwa wao ndio wanaoamua tunda lingoje siku ngapi.